Chanzo cha Kwanza na Visingizio vya Karibu

Msomaji anayefuatilia makala zangu amezoea kukuta mijadala ya katiba, bajeti, elimu ya juu na mwenendo wa utumishi wa umma. Leo namwalika katika swali linaloonekana kuwa mbali na hayo yote: je, kuwepo kwa ulimwengu kunathibitisha kuwepo kwa Mungu? Naomba asiharakishe kudhani kwamba nimehama uwanja. Swali hili limekaa katikati ya maisha yetu ya umma kuliko tunavyokiri. Vikao vya Bunge letu hufunguliwa kwa dua. Viongozi wetu huapa wakimwomba Mwenyezi Mungu awasaidie. Wimbo wetu wa Taifa ni sala tangu jina lake. Na panapotokea maafa, kauli ya kwanza kutoka vinywani mwa wakubwa aghalabu ni kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Jamii inayomtaja Mungu kiasi hicho ina wajibu wa kujiuliza, kwa utulivu, inamaanisha nini inapomtaja.

Nitaje msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri tunavyokwenda. Nashikilia kwamba swali la kwa nini ulimwengu upo ni swali halali, na kwamba hoja ya Chanzo cha Kwanza ni miongoni mwa kazi kubwa za akili ya mwanadamu. Lakini hoja hiyo inahusu ulimwengu mzima. Haikutungwa ili ijaze pengo katika ripoti ya uchunguzi, wala ili imnyamazishe anayeuliza ni nani aliyetia sahihi. Anayeitumia hivyo huiharibu hoja, huidhulumu imani, na humficha mhusika.

Tuanze na hoja yenyewe. Umbo lake ni jepesi kukariri na gumu kumaliza. Kila kilichoanza kuwepo kina kisababishi. Ulimwengu ulianza kuwepo. Kwa hiyo ulimwengu una kisababishi. Wanafunzi wengi huipokea kana kwamba imetungwa juzi na wahubiri wa Marekani, kwa kuwa wameisikia kupitia William Lane Craig, mwanafalsafa wa nchi hiyo aliyeifufua katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979. Hata hivyo, Craig mwenyewe aliiita kwa neno la Kiarabu, kalam, akitambua ilikotoka. Katika karne ya 6, mjini Alexandria, Yohana Philoponus, Mkristo aliyebobea katika maandiko ya Aristotle, alimpinga Aristotle huyo huyo kuhusu umilele wa ulimwengu. Ikiwa ulimwengu hauna mwanzo, alijenga hoja, basi muda usio na kikomo umekwisha kupita kabla ya leo. Na kisicho na kikomo kinawezaje kuwa kimekwisha? Katika karne ya 9 al-Kindi aliiendeleza hoja hiyo katika Iraki ya enzi za Abbasi. Mwaka 1095 al-Ghazali, mzaliwa wa Tus katika Uajemi na mwalimu wa Baghdad, aliipa makali mapya katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Hoja hii, basi, imepita katika mikono ya Mkristo wa Misri na Waislamu wa Iraki na Uajemi kabla ya kufika Ulaya na Marekani. Hakuna dhehebu linaloweza kudai hati yake miliki.

Je, inasimama? Mguu wake wa kwanza una nguvu ya uzoefu: hatujapata kuona kitu kikiibuka bila chanzo chochote. Lakini uzoefu huo wote ni wa vitu vilivyomo ndani ya ulimwengu. David Hume, katika mazungumzo ya kifalsafa yaliyochapishwa mwaka 1779 baada ya kifo chake, alitukumbusha kwamba tukiona nyumba tunajua ina mjenzi kwa sababu tumekwisha kuona nyumba zikijengwa. Ulimwengu kama huu hatujapata kuona ukijengwa hata mmoja. Immanuel Kant, mwaka 1781, akaenda mbali zaidi: akili ikijaribu kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, huweza pia kujenga uthibitisho wa kinyume chake, na mgongano huo ni dalili kwamba imevuka mipaka yake. Pingamizi hizi hazijaiua hoja. Zimetuonyesha inavyopaswa kubebwa, kwa mikono miwili na kwa tahadhari.

Lipo pia tawi la pili la hoja, ambalo kwangu mimi ni zito zaidi, nalo halihitaji mwanzo wowote wa wakati. Ni la Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Yeye hakuuliza ulimwengu ulianza lini. Aliuliza kwa nini upo hata sasa. Kila kitu tukionacho kingeweza kutokuwepo: mti huu, mlima ule, mimi na wewe. Tukivikusanya vyote vyenye hali hiyo, bado mkusanyiko wenyewe ungeweza kutokuwepo. Basi lazima kiwepo kitu ambacho kuwepo kwake hakukuazimwa kutoka kwingine. Mfano wa taa utasaidia. Mwanga uliomo chumbani hauelezwi kikamilifu kwa kusema kwamba taa iliwashwa jana jioni. Unategemea umeme unaopita sasa hivi. Ibn Sina aliutafuta umeme huo. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifuata njia iliyo karibu na hiyo. Alisema wazi kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Yeye aliliamini hilo kwa imani. Akaonya kwamba mwumini anayetetea mambo ya imani kwa hoja dhaifu huwapa wasioamini sababu ya kucheka.

Onyo hilo lilisubiri karibu karne saba kupata mfano wake mkubwa. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Kibelgiji na mwanafizikia, alionyesha kutokana na milinganyo ya Einstein kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi inavyokuwa mbali nasi, ndivyo inavyozidi kujitenga kwa kasi. Mwaka 1931 Lemaître akapendekeza kwamba, tukirudi nyuma vya kutosha, tutaufikia ulimwengu uliokuwa umesongamana kama atomu moja ya mwanzo. Mwanafizikia wa Kiingereza Fred Hoyle, ambaye hakuipenda nadharia hiyo, ndiye aliyeitaja redioni mwaka 1949 kwa jina lililodumu hadi leo, ambalo Kiswahili kimelipokea kama Mlipuko Mkuu.

Mwezi Novemba 1951, Papa Pius XII aliihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi na kuueleza ugunduzi huu kana kwamba sayansi imekuwa shahidi wa siku ya uumbaji. Ungetarajia padri Lemaître ashangilie. Kinyume chake, alihuzunika. Nadharia ya kisayansi inaweza kubadilika kesho. Anayeifunga imani yake kwenye nadharia hiyo ataiona imani ikitikisika kila vipimo vinapotikisika. Zaidi ya hayo, mtafiti anayejua jibu linalotakiwa na Kanisa lake hawezi tena kutafiti kwa uhuru. Lemaître alifanya bidii kulifikisha jambo hilo kwa washauri wa Papa, na mwaka 1952, Papa alipozungumza na wanaastronomia wa dunia waliokutana Roma, hakuyarudia madai yale. Lemaître aliendelea kushikilia kwamba nadharia yake haimlazimishi mtu kuamini wala kukana. Alibaki padri hadi kufa kwake mwezi Juni 1966, muda mfupi baada ya kupashwa habari kwamba Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey, wamenasa mnururisho hafifu unaotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la ulimwengu uliokuwa mchanga. Leo umri wa ulimwengu unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8. Padri yule alishinda mjadala wa fizikia, na bado hakutaka ushindi huo ugeuzwe kuwa silaha ya mimbari.

Ninamtaja kwa kirefu kwa sababu unyenyekevu wake haupatikani kwa urahisi leo, wala si kwa upande wa dini pekee. Upo upande wa pili wenye majivuno ya aina yake. Mwaka 2010 Stephen Hawking, pamoja na Leonard Mlodinow, aliandika kwamba kwa kuwa ipo kanuni ya uvutano, ulimwengu unaweza kujiumba wenyewe pasipo kuhitaji Mungu. Mwaka 2012 Lawrence Krauss alitoa kitabu kizima chenye ujumbe kwamba ulimwengu ulitoka katika utupu. Wanafunzi wangu wengi wenye bidii ya sayansi huyanukuu maandiko haya kama hukumu ya mwisho ya mahakama ya rufani. Lakini David Albert, mwanafalsafa aliyesomea fizikia, alimjibu Krauss kwa hoja ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifuata. Utupu wanaouzungumzia wanafizikia una uga, una nishati, una kanuni. Huo si utupu wa mwanafalsafa. Ni kitu, na kuhusu kitu chochote bado tunaweza kuuliza: kwa nini kipo, na kwa nini kinafuata kanuni hizi badala ya nyingine? Leibniz aliliweka swali hilo mezani mwaka 1714, aliposhangaa kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote. Fizikia, kwa uwezo wake wote, huanza kazi baada ya kupewa kitu cha kufanyia kazi.

Hapo ndipo mwanafunzi huinua mkono na kuuliza: kama kila kitu kina muumba, Mungu naye kaumbwa na nani? Swali hilo halina ukali linaodhaniwa kuwa nao. Hoja ya al-Ghazali haikusema kila kitu kina kisababishi, ilisema kila kilichoanza. Na ile ya Ibn Sina ilihusu vile tu ambavyo vingeweza kutokuwepo. Swali lenye ukali zaidi ni lile aliloliibua Bertrand Russell alipojadiliana na padri Frederick Copleston katika redio ya BBC mwaka 1948. Kwa nini tusiishie kwenye ulimwengu wenyewe, na kusema kwamba upo tu, basi? Sioni kosa la kimantiki katika jibu hilo. Naona uamuzi: kuacha kuuliza mahali fulani. Mwumini naye huacha kuuliza anapomfikia Mungu. Tofauti ni kwamba yeye hudai kuishia mahali ambapo swali lenyewe linapata jibu, ilhali Russell alikubali kuishia mahali ambapo halijibiki. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana hapa bila yeyote kuwa mjinga au mwovu. Kwangu mimi, hoja ya Ibn Sina inaelemea upande wa kuwepo kwa Chanzo. Lakini inanifikisha kizingitini tu. Kutoka kwa Kilicho Lazima Kuwepo hadi kwa Mungu asikiaye maombi ya mjane ni safari nyingine, na waumini huisafiri kwa ufunuo, si kwa mantiki pekee.

Tusisahau pia kwamba swali hili lina lugha. Tunaposema Muumba, tunatumia kitenzi ambacho katika lugha nyingi za Kibantu asili yake ni kazi ya mfinyanzi: kuupa udongo umbo. Mfinyanzi haanzi bila chochote. Anaanza na udongo. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, alidai kwamba katika lugha ya Kiakan wazo la kuumba pasipo kitu chochote halitamkiki bila kujipinga. Naye Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Kiafrika, alisimulia jinsi mapadri wa Kiitaliano mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na neno hilo, swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa, maana watu huzaliwa na mama zao. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupindwa mgongo na ugonjwa, na kwamba roho iletayo kibyongo huitwa Rubanga. Rubanga, akajibu, ndiye awafinyangaye watu. Wageni wakaandika kwamba wamelipata jina la Mungu.

Kisa hicho huwachekesha wengi, lakini funzo lake si la kuchekesha. Anayeuliza kwa shuruti hupata jibu la kumridhisha, si la kweli. Na nachelea kwamba sisi wenyewe, tukiwa na shahada zetu, tumelirithi kosa la namna hiyo: tunaulizwa swali moja na kujibu jingine, kisha tunadhani tumejibu. Tunaulizwa kwa nini watu hawa wamekufa. Tunajibu kwa nini wanadamu hufa.

Hapa tunafika kwenye kiini. Wanafalsafa wa zama zile walitofautisha Chanzo cha Kwanza na visababishi vya karibu. Chanzo cha Kwanza ndicho kinachoeleza kwa nini kuna ulimwengu wenye maji, mbao na uzito. Visababishi vya karibu ndivyo vinavyoeleza kwa nini chombo hiki kimezama leo. Thoma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi hivyo, wala havifuti. Al-Ghazali, ni kweli, alisisitiza kwamba pamba haiungui kwa ulazima wa kimantiki inapoguswa na moto. Kwake, uhusiano huo hutegemea mpango wa Mungu. Lakini al-Ghazali huyo huyo, katika utangulizi wa Tahafut, alimkemea anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi kwa kisingizio cha kuitetea dini, akisema mtu wa namna hiyo huidhuru dini yenyewe. Ibn Rushd wa Córdoba, aliyemjibu karne iliyofuata, alikuwa mkali zaidi: anayekana visababishi huikana akili, maana kujua kitu ni kukijua kwa visababishi vyake. Wapinzani hawa wawili wakubwa walikubaliana, basi, juu ya jambo moja tunalolihitaji leo: kumwamini Mungu hakumpi mtu ruhusa ya kutohesabu.

Historia ya Ulaya ina siku ambayo tofauti hiyo iliwekwa kwenye mizani. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliupiga mji wa Lisbon makanisa yakiwa yamejaa. Baada yake ikaja tsunami, kisha moto. Maelfu kwa maelfu walikufa. Padri Gabriel Malagrida aliandika kwamba janga lile ni adhabu ya Mungu, na kwamba kinachohitajika ni toba. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, alichagua njia nyingine: aliagiza maswali yapelekwe katika parokia za nchi nzima. Mtikisiko ulidumu muda gani? Bahari ilipanda au ilishuka kwanza? Majengo mangapi yameanguka? Mji ukajengwa upya kwa nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta, ili ziyumbe bila kubomoka. Naye Rousseau, katika barua aliyomwandikia Voltaire mwaka 1756, alisema jambo ambalo wapangaji miji wa leo wangepaswa kulibandika ukutani: maumbile hayakuzirundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba.

Simsifu Pombal kwa yote. Malagrida aliuawa hadharani mwaka 1761 kwa hukumu ya mahakama ya dini iliyokuwa chini ya mkono wa waziri huyo huyo. Dola lililoanza kwa kuuliza maswali likaishia kumziba mdomo mzee aliyetoa jibu lisilopendwa. Anayedhani kwamba kuiondoa dini mezani kunatosha kuleta haki, na akisome kisa hicho hadi mwisho.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ziwa lile lile lilikwisha kutuliza tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, nayo ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 22, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuhitimu chuo kikuu. Lakini msemo tulioutumia 1996 ndio tulioutumia 2018: ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kweli kwa radi inayompiga mkulima shambani. Kwa chombo cha watu 101 kilichobeba zaidi ya mara mbili, kinga ilikuwepo, nayo ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema chombo kimejaa, pamoja na ofisi ya kumlinda asifukuzwe kazi kwa kusema hivyo.

Nisieleweke vibaya. Yapo maneno tunayoambiana msibani: kazi ya Mungu haina makosa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Siyabezi hata kidogo. Mama aliyempoteza mwanawe hahitaji mhadhara kuhusu uthabiti wa vyombo majini. Anahitaji kuambiwa kwamba mwanawe hakupotea katika ulimwengu usiomjali. Maneno hayo yana mahali pake, napo ni penye mkeka na udi, penye kaburi na kwaya. Kosa huanza yanapohamishwa kutoka msibani kwenda ofisini, yakaandikwa kwa lugha ya kiserikali na kupigwa muhuri. Pale msibani yanamfariji aliyefiwa. Ofisini yanamfariji aliyesababisha kifo.

Na hili si la vivuko tu. Mama mjamzito anapofia njiani kwa kukosa gari la kumpeleka hospitali, tunaambiwa siku zake zilifika. Jengo la ghorofa linapoporomoka kwa saruji iliyopunjwa, tunaambiwa tumshukuru Mungu kwa walionusurika, na sala hiyo njema inageuka pazia. Matokeo ya mitihani yanapoanguka, shule hufanyiwa maombi kabla ya kuhesabiwa walimu wake. Katika kila mfano, Chanzo cha Kwanza kimepewa kazi ya kisababishi cha karibu. Kwa lugha ya utumishi, Mungu ameteuliwa kukaimu nafasi ya ofisa aliyepaswa kuwajibika.

Kwa wanaharakati wenzangu nina neno la tofauti. Wapo kati yenu wanaoamini kwamba watu wetu hawatadai haki hadi waache kuamini, na kwamba kazi ya ukombozi lazima ianze kwa kuwadhihaki viongozi wa dini. Mnakosea kihoja na kihistoria. Kihoja, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba swali la Chanzo cha Kwanza liko wazi, na mwenye kulijibu kwa ndiyo hana upungufu wa akili. Kihistoria, kwa sababu mifano ya kinyume tunayo hapa hapa kwa jirani. Mwezi Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Hakuandika kwamba mauaji yale ni mapenzi ya Mungu. Aliamini kwamba uhai hutolewa na Mungu, na kwa sababu hiyo hasa alimtaka mtawala aeleze nani anauondoa. Siku chache baadaye aliuawa. Serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari, ilhali mwili wake ulikuwa na matundu ya risasi.

Kisa cha Luwum kinaonyesha imani inavyoweza kufanya kazi yake sawasawa. Mwenye kuamini kwamba kila uhai ni amana ana sababu zaidi, si pungufu, ya kudai hesabu ya amana hiyo. Waislamu wanayajua mafundisho ya Mtume ya kumfunga ngamia kwanza ndipo umtegemee Mungu. Wakristo wanasoma kwamba Kaini aliulizwa ndugu yake yuko wapi. Hakuambiwa kwamba siku za Abeli zilikuwa zimefika. Katika simulizi hilo, Mungu mwenyewe ndiye anayeuliza swali la kisababishi cha karibu.

Kwa wanafunzi, basi, ninaomba mjifunze kuuliza maswali mawili bila kuyachanganya. Mnapotazama anga la usiku, ulizeni kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo chochote, na msikubali kunyamazishwa na anayewaambia kwamba fizikia imekwisha kulimaliza swali hilo, wala na anayewaambia kwamba kuliuliza ni kufuru. Mnaposoma habari za maafa, ulizeni kilipakia watu wangapi, nani alikikagua, lini, na ripoti yake iko wapi.

Kwa watumishi wa umma ninaomba jambo dogo linalowezekana Jumatatu asubuhi. Katika ripoti yoyote ya tukio lililogharimu maisha ya watu, andikeni idadi, tarehe, vipimo na jina la cheo kilichokuwa na wajibu. Salamu za rambirambi ziwekwe katika barua ya rambirambi, na sala zisaliwe kwa moyo wote mahali pa sala. Lakini pale penye kichwa cha habari "Chanzo cha Tukio", jina la Mungu lisiandikwe. Asiyeamini hatalikosa. Na anayeamini aelewe kwamba kuliacha hapo ni namna ya kulitunza jina hilo, lisishuhudie uongo.